Mashine Yenye Masikio ya Mtu Mmoja

Jackson wa Sirari alikuwa na majina mengi kuliko mashati. Kwa Wajaluo alikuwa Okello, kwa Wakurya alikuwa Nchagwa, kwa wageni wa hoteli za Ikoma alikuwa Jack, na polisi walimwandika yote matatu kwenye mstari mmoja ili wasisumbuke tena. Tangu aache shule hakuwahi kufanya kazi hata moja iliyomtoa jasho, na jambo hilo alilitaja kwa fahari, kama wengine wanavyotaja shahada. Asubuhi ile ya Jumanne alikuwa kwenye kibaraza cha duka la fundi simu, Tarime mjini, miguu juu ya ndoo, akisubiri mjinga apite.

Mapajani mwake palikuwa na kisanduku cheusi cha bati gumu, kinachoenea kiganjani, chenye kitufe cha kuzungusha mbele na matundu mawili nyuma, pamoja na hedifoni kubwa zilizofunika masikio yote na nusu ya mashavu. Kazi halali ya kisanduku hicho ni moja tu. Unakiunganisha na simu, kinachukua muziki uliomo ndani, kinausafisha, kinaupa nguvu, kisha kinausukuma kwenye hedifoni nzito ambazo simu peke yake haina ubavu wa kuzisukuma. Mwenyewe alikuwa mtalii mmoja aliyekisahau chumbani, hotelini Ikoma. Jackson alikipata kwa dada wa kufulia, kwa kubadilishana na kitenge na ahadi ya ndoa. Kitenge kilikuwa na tundu, na ahadi nayo hivyohivyo.

Siku za mwanzo kisanduku kilimtesa. Alikichomeka kwenye simu kwa waya wa kawaida wa kuchajia, kikanyamaza. Akakitukana kwa Kijaluo, kikanyamaza. Akakitukana kwa Kiingereza cha mpakani, kikanyamaza vilevile. Ndipo huyu fundi mwenye kibaraza alipomwonea huruma akamweleza kwamba unatakiwa waya wa OTG, kichwa kiingie kwenye simu na mkia kwenye kisanduku, na kwamba lile tundu la kushoto ni la umeme tu, halipitishi muziki hata ukiliombea. Mtu mwingine angeshukuru. Jackson alitoka pale akatangaza kwamba amesomea mitambo ya sauti Nairobi.

Tangu hapo akawa anawatoza bodaboda shilingi mia tano kwa wimbo mmoja. Walikaa wamefumba macho, hedifoni kichwani, wakitikisa shingo na kusema muziki wa leo una nyama. Ilikuwa biashara ndogo, ya aibu. Mtu mwenye majina matatu hakuzaliwa kwa ajili ya mia tano.

Ndipo akatokea Stanslaus. Lilikuwa jitu refu, kichwa kimenyolewa kwa msiba, limevaa koti la marehemu baba yake. Marehemu alikuwa ameomba azikwe na koti hilo, lakini Stanslaus aliliwahi.

"Fundi, nataka mtu wa kwenda nyumbani," alisema. "Simu ya marehemu mzee Mniko. Spika imekufa, na tundu la iyafoni limevunjikiwa na pini ndani."

"Ilete hapa," fundi alijibu bila kuinua macho.

"Ningekuwa nayo ningekubembeleza? Mama mdogo ameikalia. Anasema maneno ya marehemu hayatembezwi sokoni, yasikilizwe nyumbani kwake."

"Maneno gani?"

Stanslaus akatazama kushoto, akatazama kulia, akapunguza sauti mpaka ikasikika upande wa pili wa barabara tu. "Mzee alijirekodi kabla hajafa. Ametaja ng'ombe walipo."

Jackson akashusha miguu kutoka kwenye ndoo.

Inafaa tueleze kwa nini. Katika nchi ile, mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Baadhi huwapeleka kwa rafiki, mbali, rafiki akawachunga, akakamua maziwa, na ng'ombe wakazaliana huko bila kelele. Ugonjwa ukija haufagii wote, mwizi akija hakombi wote, na ndugu wenye macho makubwa hawajui idadi. Mzee Mniko alikuwa na ndugu wa namna hiyo, tena wa kumzaa mwenyewe. Mwaka juzi Stanslaus alichukua maksai wawili kwenda kuwachanja, na wakachanjwa kweli, buchani. Tangu siku hiyo mzee hakumwambia tena mtu ng'ombe walipo.

"Pole sana na msiba, kaka," Jackson alisema, mkono kifuani, uso umeanguka kana kwamba marehemu alikuwa mjomba wake. "Wacha nikuambie ukweli. Hiyo simu hata ikitengenezwa haitasema kitu. Sauti ya mtu anayekaribia kufa enyewe iko chini. Inakaa chini kabisa ya faili. Spika haifiki huko."

"Na kitu gani kinafika?"

Jackson akakipapasa kisanduku. "Hii. Hii inazamia."

"Wewe ni fundi?"

"Fundi ni huyu," Jackson alisema, akimwonyesha mwenye duka kwa kidole cha huruma. "Mimi ni injinia."

Hapa msomaji mwenye simu atauliza: kwa nini wasiitume hiyo rekodi kwa WhatsApp kwenye simu nyingine yenye spika nzima, ikasikika mpaka kwa mbuzi? Ni swali zuri. Stanslaus hakuliuliza kwa sababu akili yake yote ilikuwa zizini. Jackson hakumkumbusha kwa sababu njaa yake haikuwa ya kijinga. Fundi angeweza kusema, lakini injinia alikuwa amekwisha kumwonyesha kidole, kwa hiyo akaendelea kuchomelea simu ya mteja mwingine huku akitabasamu. Wale wawili walipatana bei, Stanslaus akalipa nusu na kulalamika nzima, wakapanda pikipiki ya Jackson.

Pikipiki hiyo tuiseme vizuri, maana ndiyo kitu pekee ambacho Jackson alikipenda bila kukidanganya. Ilikuwa nyekundu, ina kioo kila upande na kiti kilichoshonwa upya kwa ngozi ya bandia. Wanawake watatu walikuwa wameahidiwa kupandishwa kwenye pikipiki hiyo kwenda kanisani kufunga ndoa. Aliiosha kila asubuhi kabla hajaosha uso.

Nyumbani kwa marehemu walimkuta Mokami, mke mdogo, amekaa mkekani anapukuchua mahindi. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, kichwa chake nacho kimenyolewa. Nyuma yake lilikuwapo zizi, na kwenye mlango wa zizi lilikuwapo kufuli jipya, kubwa kuliko la duka.

"Shikamoo mama," Jackson alisema.

"Marahaba. Nani mwenzetu?"

"Naitwa Nchagwa, mama. Wa hapo Sirari."

"Nchagwa wa nani?"

Jackson hakuwa ameandaa baba kwa siku hiyo. "Wa ule ukoo mkubwa, mama."

"Koo zote ni kubwa, mwanangu. Kaa, ule hindi la kuchoma."

Stanslaus hakukaa. "Mama mdogo, lete simu. Injinia ana kazi nyingi."

"Nitaileta," Mokami alisema, "lakini tuseme mbele ya mgeni, asije akasema hakujua. Ng'ombe wa mahari ya Neema ni kumi na wawili. Neema nimemzaa mimi, kaolewa Busawe kutoka nyumba yangu, na mahari ya binti ni ya nyumba ya mama yake. Hivyo ndivyo tulivyokuta. Baba yenu aliwaweka mahali, na mahali hapo pakijulikana, wale ni wangu. Sina kingine. Zizi hili umelitia kufuli, hata ng'ombe mmoja wa kukamulia chai huniachii."

"Mwanamke hana ng'ombe," Stanslaus alisema. "Ana maziwa."

"Hata hayo umeyafungia."

Jackson alitikisa kichwa kwa masikitiko, huku moyoni akirudia lile neno tamu, kumi na wawili. Akatoa kisanduku, akatoa hedifoni, akatoa waya, akavipanga juu ya kigoda kimoja kimoja kama padri anayeandaa altare.

Mokami alivitazama. "Hiyo mashine tunasikia wote?"

"Hapana, mama. Ina masikio ya mtu mmoja."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu. Ndiyo teknolojia."

Mokami akamtazama Jackson usoni, akamtazama viatuni, akarudi usoni. Kisha akainuka, akapukuta maganda ya mahindi kwenye sketi. "Basi sikiliza wewe, mwanangu," alisema. "Una masikio mazuri."

Simu ilitoka ndani imefungwa kwenye leso, na chaji yake ilikuwa asilimia tisa. Jackson akachomeka waya. Kimya. Akauchomoa, akaugeuza, akachomeka. Kimya. Stanslaus akaanza kupumua kwa pua.

"Inatafuta marehemu," Jackson alieleza, huku anapekua kwenye mipangilio ya simu mpaka akaona pale pa kuwasha OTG. Alipowasha, taa ndogo ya bluu ikawaka kwenye kisanduku. Stanslaus akainamisha kichwa. Chaji nayo ikashuka mpaka saba, kwa sababu kisanduku kile hunywa umeme wa simu kama waombolezaji wanavyokunywa chai. Jackson akapunguza sauti mpaka chini kabisa, akavaa hedifoni, akafungua rekodi, akaanza kukizungusha kitufe polepole.

Mtu alikuwa ananong'ona kwa Kikurya. Jackson alikulia akicheza na watoto wa Kikurya pande zote mbili za mpaka, hakupoteza neno.

*Mimi Mniko. Ng'ombe kumi na wawili wa Neema wako Nyambureti, kwa rafiki yangu Simioni, nyumba ya bati jekundu inayotazamana na mashine ya kusaga. Anayekwenda kuwafungua apeleke shukrani ya mchungaji, mtamba mwekundu ambaye hajazaa, na blanketi zito. Aseme mbele ya mashahidi kwamba anaileta kwa niaba ya nyumba ya Mokami. Asiposema hivyo Simioni hatatoa hata mkia. Simioni macho yake yamekwisha. Hamjui mtu kwa sura, anajua neno tu.*

Kuna watu wakisikia maneno ya marehemu hulia. Jackson alikuwa anapiga hesabu: anatoa mmoja, anachukua kumi na wawili, kwa kipofu.

"Anasema nini?" Stanslaus aliuliza.

Jackson akainua kidole. Akasikiliza tena ili ashike vizuri, chaji ikafika nne.

"Nipe na mimi. Ni baba yangu mzazi."

"Haki yako kabisa, kaka." Jackson akaisimamisha rekodi kwa dole gumba, akazungusha kitufe mpaka mwisho, akamvisha. Kisanduku kikawa kinafoka chenyewe tu, shhhh, bila neno.

Stanslaus akakaza uso. "Nasikia mvua."

"Ndiyo yeye."

"Mbona hasemi?"

"Anasema. Ni sikio lako halijafunzwa. Mimi mwenyewe Nairobi nilikaa miezi sita nasikia mvua." Akamvua hedifoni kwa upole. "Sikia nikuambie. Anasema fahali wanane wako Ikoma, kwa mtu mmoja anayefanya kazi karibu na geti la hifadhi. Mrefu, ana pengo."

"Jina lake?"

"Hapo ndipo alipokohoa."

"Wanane? Si kumi na wawili?"

"Wanne waliliwa na simba," Jackson alisema, na sauti yake ikatetemeka.

Stanslaus alimeza yote, pengo, kikohozi na simba. Wakati huo dole gumba la Jackson lilikuwa linafuta rekodi, mara moja na mara ya pili kuthibitisha, na simu ikazimika mkononi mwake kwa kukosa chaji, jambo lililomfaa sana.

"Loo," alisema. "Imeungua. Faili la zamani, halikustahimili."

"Limeungua lote?" Mokami aliuliza.

"Lote, mama. Pole."

Mokami akaichukua simu, akaifunga tena kwenye leso. Hakupiga ukunga, wala hakumlaumu mtu. "Basi tumshukuru Mungu," alisema. "Aliyesikia amesikia." Akarudi kwenye mahindi yake.

Mwizi mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini mjane ambaye ng'ombe wake wameungua kwenye simu anapukuchua mahindi kwa utulivu namna ile. Jackson hakujiuliza. Alikuwa anawahi.

Stanslaus aliondoka siku hiyohiyo kwenda Ikoma kutafuta pengo. Jackson alirudi mjini, na Jumatano asubuhi akaiosha pikipiki yake kwa mara ya mwisho. Mnunuzi alikuwa mwalimu, mtu wa kuuliza maswali, akaipunguza bei kwa kila mkwaruzo, na Jackson, ambaye siku nyingine angemuuzia hata vivuli vya vioo, alikubali upesi kwa sababu alikuwa na haraka. Alipoiona inaondoka na mwalimu juu yake, akipiga honi bila sababu, aligeuka akatazama ukuta. Akajiliwaza kwamba kwa ng'ombe kumi na wawili atanunua pikipiki mbili na kuajiri mtu wa kuziosha.

Alhamisi alikuwa mnadani. Wauza ng'ombe wananusa mtu mwenye haraka kabla hajafungua mdomo, na mtu anayetaka mtamba, tena mwekundu, tena leo, walimnusa kutoka getini. Alilipa bei ambayo mpaka sasa inasimuliwa pale mnadani kwa vicheko. Akanunua blanketi zito la mistari. Akakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akalipa nauli ya kwenda na kurudi kabisa, kwa kuwa dereva alimtazama mara moja tu akakataa kumkopesha safari. Kwamba ng'ombe kumi na wawili hawaenei kwenye kirikuu alilijua. Alipanga kuwaswaga kwa miguu mpaka mnada wa jirani na kuwamaliza hukohuko.

Ijumaa alisafiri nyuma ya gari, kwa sababu mbele dereva alikuwa amempakia mkewe. Barabara ile ya kupitia Mugumu ina vumbi la kutosha wilaya mbili. Mtamba alimlamba shingo mpaka Mugumu. Kutoka Mugumu mpaka Nyambureti alimfanyia jambo jingine, kiatuni.

Nyumba ya bati jekundu aliiona kwa urahisi, na mashine ya kusaga mbele yake. Barazani alikaa mzee mfupi mwenye miwani myeusi, mkongojo kati ya magoti. Angekuja nusu saa kabla angemkuta mzee huyohuyo, bila miwani, anatunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza. Lakini kirikuu husikika kutoka mbali.

"Shikamoo mzee," Jackson alisema.

"Marahaba. Sauti ngeni. Nani wewe, mura, kijana wangu?"

"Nimetumwa na nyumba ya marehemu Mniko. Nimeleta shukrani ya mchungaji."

Mzee Simioni akanyoosha mikono hewani, akaikosa pembe ya mtamba mara mbili, akaipata. Akampapasa kutoka kichwani mpaka mkiani, taratibu, akamfungua mdomo, akamhesabu meno kwa kidole. "Mwekundu?" aliuliza.

"Mwekundu, mzee."

"Nakuamini. Sisi tusioona tunaishi kwa kuamini." Akapaza sauti. "Jamani, mashahidi!"

Walitokea haraka kuliko inavyotarajiwa kwa watu waliokuwa kwenye shughuli zao. Walikuja wazee watano, kina mama kutoka kwenye mashine ya kusaga, mwenyekiti wa kitongoji, na mgambo mmoja aliyekuwa anatafuna muwa. Jackson alifurahi kuona jamii inavyoheshimu taratibu.

"Mtamba huyu na blanketi hili," Simioni aliuliza, "unavileta kwa niaba ya nyumba ya nani?"

"Nyumba ya Mokami."

"Wazee huku nyuma hawakusikia."

"Ya Mokami!"

"Mwenyekiti ana sikio moja bovu."

"NYUMBA YA MOKAMI!" Jackson alipiga kelele, na mashine ya kusaga ikazimwa ili asikike vizuri zaidi.

Wazee wakaitika. Kibuyu cha maziwa kikapita mkono kwa mkono, kila shahidi akanywa funda moja, Jackson naye akanywa. Simioni akajitanda blanketi mabegani juani, akasema shukrani imepokelewa, ng'ombe wamefunguliwa, na asitokee mtu wa kuuliza tena. Kisha akavua miwani myeusi, akaipangusa, akaitia mfukoni, akatembea bila mkongojo, wima kama kijana wa jeshi, akaenda kufungua zizi.

Ng'ombe walitoka. Jackson aliwahesabu wakitoka, kumi, kumi na mmoja, kumi na wawili, wamenona, na nyuma yao ndama wawili ambao rekodi haikuwataja. Nyuma ya ndama alitoka Mokami na fimbo, na nyuma ya Mokami, akicheka hadharani, mwanamke kijana mwenye uso uleule.

"Ahsante, mwanangu Nchagwa," Mokami alisema. "Huyu ndiye Neema."

Mdomo wa Jackson ulifunguka. Katika maneno yote aliyowahi kuyatumia kujitoa kwenye mashaka, lilikuja moja tu. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

Alijaribu, tusimnyime hilo. Alicheka kicheko kidogo kikavu, akamgeukia Simioni. "Sasa mzee, kuna kutoelewana hapa. Kama mama amekuja mwenyewe, hakuna neno. Mimi nichukue tu mtamba wangu, tuachane kwa amani."

"Mtamba wako?" Simioni alishangaa. "Umesema mara tatu, mbele ya watu wote hawa, kwamba ni wa nyumba ya Mokami. Kama ni wako, basi tueleze vizuri. Ulikuja kwangu kutafuta nini, na maneno ya marehemu uliyapata wapi?"

Mgambo akaacha kutafuna muwa.

Jackson akafikiri. Akafikiri tena. "Ni wa nyumba ya Mokami," alisema.

"Nilijua nimesikia vizuri." Mzee akatoa simu mfukoni, simu nzuri yenye kioo kizima, akaibonyeza bila kukosea. Ikatoa sauti, kubwa, ya wazi, mbele ya kijiji kizima: *Mimi Mniko. Ng'ombe kumi na wawili wa Neema wako Nyambureti...*

"Spika safi, siyo?" Simioni alisema. "Neema alinitumia kwa WhatsApp. Haikutaka mashine."

"Lakini nilifuta," Jackson alisema, na papo hapo akatamani angejing'ata ulimi.

"Tulijua atakayesikia atafuta," Neema alisema. "Ndiyo maana tulibaki na nyingine."

"Na hiyo sauti?"

"Yangu, niliinong'ona kwenye simu ya marehemu," Simioni alijibu. "Ukinong'ona, mura, unafanana na kila mtu. Mniko aliijua simu kwa tochi tu. Mpaka anakufa hakuwahi kurekodi hata chafya."

Wakamweleza, kwa kuwa alikuwa amelipia. Mokami alijua siku zote ng'ombe walipo. Lililomkwamisha lilikuwa shukrani ya mchungaji. Simioni angeweza kuisamehe, alikuwa rafiki wa marehemu tangu ujana, lakini ng'ombe wanaotoka bila shukrani mbele ya mashahidi huhesabika hawajafunguliwa. Stanslaus angempeleka Mokami kwenye baraza la wazee, aseme mjane kaiba mali ya baba yake, na angeshinda. Mjane angepata wapi mtamba, na zizi lina kufuli? Ndipo Neema akavunja pini ya iyafoni ndani ya simu ya baba yake na kuimwagia spika uji. Alimjua kaka yake. Neno likisikika kirahisi Stanslaus angeuliza maswali, lakini neno la kuhangaikia angeliamini.

"Mtego ulikuwa wa Stanslaus," Mokami alisema. "Nilitaka kufuli lile lifunguke kwa mkono wake, mtamba atoke mle. Ukaja wewe na mashine ya kusikiliza peke yako. Nilikuuliza mara mbili, mwanangu. Nilikupa nafasi ya kusema ukweli mara mbili." Hapo sauti yake ikabadilika, utani ukaisha. "Ulinisikia nikisema sina kingine. Ulikuwa umekaa pale, umekula mahindi yangu ya kuchoma. Na bado ukaja kuwachukua."

Jackson alitazama kiatu chake, kile chenye habari za safari. Katika maisha yake alikuwa amewahi kukamatwa, kupigwa na kufukuzwa, lakini kuonewa aibu na mtu aliyekwisha kumshinda lilikuwa jambo jipya, na hakulipenda.

"Hata hivyo usikae sana," Mokami aliendelea, akiinua fimbo. "Stanslaus alinipigia simu jana kutoka Ikoma. Amewauliza watu wote wenye pengo pale getini, siku tatu. Wa mwisho akamtoa na yeye jino. Ameniuliza injinia wake anapatikana wapi, na mimi sijazoea kudanganya. Anakuja."

Jackson akageuka kutafuta kirikuu. Kirikuu kilikuwepo, dereva amefungua nyuma, anapakia ndama wawili.

"Hao hawawezi kutembea mpaka nyumbani," dereva alieleza. "Na nauli ya kurudi imeshalipwa."

"Nimelipa mimi!"

"Kwa niaba ya nyumba ya Mokami," mwenyekiti wa kitongoji akamkumbusha, yule mwenye sikio bovu.

Ng'ombe kumi na wawili wakashika njia ya Busawe kwa Neema, mbali na kufuli la Stanslaus, Mokami mbele, hatazami nyuma, Neema akiwaswaga na kuimba. Mtamba mwekundu alibaki zizini kwa Simioni, akamwangalia Jackson kwa mapenzi ya zamani.

Injinia akaondoka kwa miguu. Alikuwa amebakiwa na kisanduku, waya wa OTG na hedifoni, na simu yake mwenyewe ilikuwa imezimika tangu Mugumu. Alipopita mbele ya mashine ya kusaga, kina mama walikuwa wamekaa chini wanafuta machozi kwa kanga, na kila mmoja akijaribu kusema kitu alishindwa, akaishia kusema "Ya Mokami!" na kicheko kikaanza upya. Jackson akakaza mwendo. Akazivaa hedifoni, zikamfunika masikio yote na nusu ya mashavu, akaangalia mbele kama mtu anayesikiliza muziki wa maana. Waya ulikuwa unaburuzika vumbini nyuma yake, haukuunganishwa na kitu chochote, na kicheko alikisikia vizuri tu.